Nataka kununua Subaru Impreza "STI" hapa Dodoma, wanataka 27m. Naombeni macho yenu (mrejesho upo ndani)

Mwenye uzi

Wakuu, habari za asubuhi.

Niko Dodoma, Area D. Tangu nikiwa darasa la sita moyo wangu uko kwenye Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu. Chanzo ni kalenda iliyokuwa ukutani kwenye gereji ya baba mdogo, Majengo, yenye picha ya Impreza ya dereva wa mbio Colin McRae ikipasua vumbi la Safari Rally ya 1997, mwaka ambao alishinda. Baba mdogo alikuwa anatengeneza Land Rover na malori ya mahindi, lakini ile kalenda hakuibandua hata mwaka ulipoisha. Kwa hiyo hili si jambo la jana. Ada za watoto nimeshalipa, mahali pa kulala papo, na hela hii nimeiweka miaka minne kwa ajili ya kitu kimoja.

Gari lenyewe: Impreza ya 2004, gia za mkono, namba D, rangi ya bluu, kilomita 118,000 kwenye dashibodi. Lina nembo za STI (lile toleo kali la Impreza) mbele, nyuma na kwenye viti. Lipo Ilazo. Aliyeniunganisha ni dalali, na maneno yake ni haya: injini haijawahi kufunguliwa, ni gari la kuwasha na kuondoka, mwenye nalo ana shida, maongezi yapo kidogo. Bei 27m.

Juzi jioni nimelitazama kwa nusu saa. Nilipofika nilikuta limeshawashwa, boneti ya moto. Rangi inang'aa, na injini imeoshwa mpaka inameremeta. Dalali anataka nitoe laki tano ya kulishika kwa sababu kuna mteja anatoka Singida kesho. Sijatoa. Nina 22m benki, zaidi ya hapo sina.

Nikague nini, na nianzie bei gani? Natanguliza shukrani.

Fundi wa Kizota

Mkuu, hiyo laki tano ibaki mfukoni. Mteja wa Singida yupo kwenye kila gari linalouzwa mji huu.

Kabla ya bei, ujue unanunua gari gani. Impreza za umbo hilo zinafanana sana kwa nje, ila ndani zinatofautiana kama mbuzi na ng'ombe. Fungua boneti utafute kibati cha modeli, usome herufi za mwanzo za chesisi. GDB ndiyo STI yenyewe: injini EJ207, farasi 280 kwa hesabu ya Japani, giaboksi ya gia sita, breki za Brembo. GDA ni WRX ya kawaida: injini EJ205, farasi 250, gia tano. Ukikuta GD2 au GD3, hilo ni la cc 1500 lisilo na turbo lililovalishwa nguo za kaka yake. Nembo ya STI inauzwa Kariakoo kama kibanio cha nywele, usiiamini. Bomba la hewa lililopakwa rangi nyekundu juu ya injini nalo usiliamini, rangi ni rangi.

Kitu kigumu kughushi ni giaboksi. Kwenye STI ya gia sita, ili uingize rivasi unavuta juu pete iliyo chini ya kichwa cha gia. Shika ile gia, tafuta pete. Kama haipo na namba zinaishia 5, hiyo si STI.

Jambo lingine, na hapa vijana wengi wanapigwa: ule mngurumo wa "bub bub bub" hauthibitishi STI. Mngurumo ule unatoka kwenye mabomba ya ekzosi yasiyo na urefu sawa. GDB nyingi za Japani za kuanzia mwishoni mwa 2002 zina mabomba yaliyosawazishwa, kwa hiyo zinalia laini. Mtu anakusikilizisha mngurumo akidhani anakuonyesha ushahidi, kumbe anaonyesha kinyume chake.

GDA si gari baya. Ni gari zuri sana. Ila lina bei yake, na bei ya GDB ina sababu zake.

Mpangaji wa Nkuhungu

Kwa 27m si uagize Japani ulipate safi?

Mwenye uzi

Nilipiga hesabu, mkuu. Gari lililozidi miaka 10 linaongezwa ushuru wa bidhaa wa uchakavu wa 30%. Weka ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa kuwa injini ni cc 1994 (ingevuka 2000 ingekuwa 10%), halafu VAT 18% juu ya jumla ya vyote hivyo. Kodi inakaribia kulingana na gharama ya gari lenyewe mpaka bandarini. Na Wamarekani nao wanaruhusiwa kuingiza magari ya Japani yakifikisha miaka 25, kwa hiyo Impreza za zamani zimepanda bei hukohuko zinakotoka. Kwa mfuko wangu, la hapa ndani ndilo linalofikika.

Dada wa Altezza, Kikuyu

Kaka, mimi naendesha Altezza RS200 mwaka wa tano sasa, ile ya injini ya 3S-GE na gia sita, hapahapa Dodoma. Wanaume wa kijiweni wamenifundisha mengi ya turbo na ekzosi, ila kilichonila hela hakikuwa kati ya hayo. Kilikuwa maji.

Maji yetu ya visima yana chumvi. Angalia sufuria ya chai ya nyumbani kwako, ule ukoko mweupe wa chini. Sasa gari likipungukiwa maji kwenye rejeta, kijana wa kuosha magari anachukua chupa ya lita moja na nusu, anajaza bombani, anamimina. Mwenye gari anasema asante. Mwezi ujao tena. Ule ukoko wa sufuria unajijenga ndani ya vijibomba vya rejeta na kuzunguka silinda, polepole, na sindano ya joto haikuambii kitu kwa sababu unatembea Area C mpaka sokoni na kurudi. Siku unapopandisha Nyang'oro kwenda Iringa na AC imewashwa ndipo unajua. Mimi nilijulia pale. Silinda hedi ilipinda, nikalala Mtera siku mbili.

Injini ya Subaru imelala chini, ina hedi mbili na gasketi mbili, na kuitoa ni kazi. Kwa hiyo kabla hujasikiliza turbo, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi kabisa. Ukikuta maji ya kijani au mekundu yaliyo safi, Mungu ni mwema. Ukikuta maji meupe ya kawaida, au ya rangi ya chai, pitisha kidole kwenye mdomo wa ndani. Ukoko ukibaki kwenye kidole, hiyo ni hela yako. Tazama pia tanki dogo la pembeni injini ikiwa inawaka: mapovu yakija mfululizo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na hapo gasketi imeshakwenda.

Mdau wa Makole

Usisahau makaratasi. Kadi halisi uione kwa macho, usikubali nakala. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu. Siku hizi kuna mikopo mingi ya kuweka kadi, mtu anauza gari kadi iko kwa mkopeshaji. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone faini za barabarani, uangalie deni la maegesho la TARURA, na stika ya bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Vyote unafanya kwa simu ukiwa umekaa kitandani.

Mzee wa Kibaigwa

Mbukwenyi wanangu.

Magari ya mbio siyajui. Nimefanya biashara ya mahindi Kibaigwa miaka mingi, na kununua ni kununua. Kijana, umeuliza uanzie bei gani, na gunia hujalichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli. Mnunuzi anayetaja bei kabla ya kuchoma bambo ananunua gunia, mahindi hayajui. Choma kwanza, tena si juu tu pale wanapopangia mahindi mazuri. Choma chini na ubavuni.

Pili, hiyo 22m uliyoitaja hapa, dalali asiisikie. Akiisikia, gari litakuwa 22m, hata kama lina thamani ya 15.

Tatu, muone mwenye mali, uongee naye bila dalali kukaa katikati. Mjue hela anaipeleka wapi. Mtu anayeuza kwa sababu ya ada ya mtoto si sawa na anayeuza kwa sababu amechoka nalo. Yule wa ada ana tarehe. Ukimpa hela kabla ya tarehe yake, umempa kitu ambacho mteja wa bei kubwa asiyejulikana atakuja lini hawezi kumpa.

Nne, mali ya mtu usiidharau mbele yake. Ukimwambia mtu gari lake bovu, umemtukana, na aliyetukanwa hashushi bei. Mwonyeshe kitu kwa kidole, umuulize anakionaje.

Mwenye uzi: MREJESHO WA KWANZA

Wakuu, asanteni sana. Nimetoka kukagua.

Nilimpigia dalali usiku nikamwambia naja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na gari lisiwashwe. Akasema mwenye gari hawezi muda huo. Nikamwambia basi siku yoyote atakayoweza muda huo. Dakika tano baadaye akanitumia ujumbe: njoo.

Nilikwenda na Fundi wa Kizota wa humu humu (ahsante mkuu, umeacha kitanda chako kwenye baridi hii ya Julai kwa ajili ya mtu usiyemfahamu). Mwenye gari alitufungulia geti mwenyewe akiwa amevaa koti na kanzu. Ni kaka wa makamo, mtumishi, mpole. Boneti ilikuwa ya baridi kama jiwe.

Kibati cha modeli: GDA. Nilishika gia, pete hakuna, namba zinaishia 5. Kwa hiyo ni WRX. Nilimwonyesha kwa kidole kama Mzee alivyosema, nikamuuliza, "Kaka, hii STI uliinunua ikiwa hivi?" Akatazama kibati muda mrefu. Akasema aliinunua kwa mtu ikiwa na nembo hizo hizo, na miaka yote mitatu aliamini ana STI. Niliona uso wake, na sitaki mtu humu aseme alikuwa anatapeli. Naye aliuziwa.

Kifuniko cha rejeta. Dada wa Altezza, kama ungekuwepo. Maji ya rangi ya chai ya rangi, na kidole changu kilitoka na ukoko mweupe kama wa unga wa chokaa. Fundi hakusema kitu, aliniangalia tu.

Kuwasha. Liliwaka mara moja. Kulikuwa na mlio mdogo mkavu, tak tak tak, moyo ukanishuka. Fundi akaniambia subiri. Injini ilipopata joto sauti ikapotea. Kwa maelezo yake, pistoni za injini hizi zikiwa na baridi hucheza kidogo kwenye silinda, na sauti ya namna hiyo inayokufa na joto si ya kuogopa. Ya kuogopa ni inayokuja injini ikishapata moto na kuongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni beringi za mikono ya pistoni (con rod), na hapo unafunga boneti unaondoka. Moshi wa bluu hakuna. Tanki dogo halikutoa mapovu hata baada ya robo saa.

Kisha akatoa plagi na kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda, kwa psi), kazi iliyochukua karibu saa nzima kwa sababu plagi za Subaru zimejificha ubavuni, na betri na mabomba lazima yapishe. Silinda ya kwanza 128, ya pili 126, ya tatu 129, ya nne 124. Mimi nilikuwa nimesoma namba kubwa zaidi ya hizo nikaanza kukata tamaa. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa inayoingia kwenye silinda ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar, kwa hiyo geji nayo itasoma chini kwa kiasi hicho. Tunachotafuta ni silinda nne zinazokaribiana. Na ya nne ndiyo ya kuitazama kwa jicho kali, kwa sababu kwenye injini hizi ndiyo huanza kuchoka. Zilikaribiana.

Tulilitoa barabarani, Ilazo mpaka Ihumwa. Nilipokanyaga gia ya nne nikiwa kwenye mwendo mdogo, mizunguko ya injini ilipanda na gari likabaki palepale kwa sekunde moja. Klachi inateleza. Turbo inavuta vizuri, bila mluzi. Na hapa niseme kitu: injini isiyo na turbo huku kwetu juu inaishiwa pumzi, ila turbo inajisukumia hewa yenyewe, na kile kishindo cha mgongoni kilivyokuja pale baada ya viwanja vya Nane Nane nilikumbuka ile kalenda. Ikabidi nijikaze nisicheke mbele ya mwenye gari.

Kwenye uwanja mpana tulikata kona mpaka mwisho wa usukani, taratibu. Gari lilikuwa linashikashika kidogo. Sababu tuliiona chini: tairi mbili za mbele ni mpya, za nyuma zimeisha, na chapa ni tofauti. Gari hili linazungusha miguu yote minne muda wote. Tairi zikitofautiana mzingo, zile za mbele na za nyuma zinagombana kupitia difu ya katikati (inayogawa nguvu mbele na nyuma), na difu ndiyo inayoumia. Tukabadilisha tairi za kupimia tulizoazima kwa fundi jirani, zote nne sawa, tukarudia. Mshikoshiko ukaisha. Hiyo ilinipa pumzi, maana difu ingekuwa habari nyingine.

Bodi: sumaku imegoma kunata kwenye bawa la kulia la mbele. Kuna puti. Reli za ndani na sehemu za chini ni nyoofu, kwa hiyo ni mkwaruzo wa mjini, si ajali. Taimingi belti hakuna anayejua ilibadilishwa lini, na Subaru wanataka ibadilishwe kila kilomita 100,000. Belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni.

Nimeondoka bila kutaja bei. Dalali alinifuata mpaka kwenye bodaboda.

Mdau wa Makole

Na kadi?

Mwenye uzi

Ndiyo shida kubwa kuliko rejeta, mkuu. Kadi ni halisi, chesisi inalingana, ila jina la kwenye kadi si lake. Ni la mmiliki wa kwanza, yuko Tanga. Huyu kaka alinunua kwa mkataba, hakubadilisha umiliki. Faini za barabarani nne, 30,000 kila moja.

Mdau wa Makole

Hapo usitoe hata shilingi mpaka mwenye jina apatikane. Umiliki unahamishwa TRA kwa TIN ya anayeuza na TIN ya anayenunua, na anayeuza kwa macho ya TRA ni huyo wa Tanga. Akifariki kesho unaanza kutafuta msimamizi wa mirathi.

Mzee wa Kibaigwa

Kijana, umechoma bambo vizuri. Sasa hela anaipeleka wapi?

Mwenye uzi: MREJESHO WA PILI

Mzee wangu, anapaua nyumba Iyumbu. Kuta zimefika linta tangu mwaka jana, fundi wa kenchi amempa mwisho wa mwezi, na mbao zimelala nje. Nilijua kwa sababu nilimuuliza kuhusu ujenzi tu, akanitolea simu akanionyesha picha za kuta. Tuliongea habari za bati kwa dakika ishirini. Nami nimejenga, najua ule usingizi wa mtu ambaye kuta zake zinasubiri bati na mvua za Desemba hazimsubiri.

Nilirudi Jumamosi na karatasi moja. Upande wa juu niliandika GDA tatu nilizozikuta zinauzwa mwezi huu, Dar mbili na Arusha moja: 20m, 21.5m, 22m, zote bei ya kutangaza. Chini nikaandika vitu vinne na bei nilizoulizia mwenyewe madukani, pamoja na ufundi. Taimingi belti na vikaza vyake na pampu ya maji, 700,000. Klachi, 950,000. Rejeta, 450,000. Tairi nne za inchi 17 za aina moja, 1,200,000. Jumla 3,300,000. Puti ya bawa sikuiandika. Haizuii gari kutembea, na nilitaka kila kilichomo kwenye karatasi kiwe kitu ambacho yeye mwenyewe angekinunua kama angebaki nalo.

Nikampa karatasi aisome. Sikuongea.

Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Akasema, "Mdogo wangu, dalali nilimwambia 25. Amekuambia ngapi?"

Nikamwambia.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa kwa karatasi hii unaniambia gari langu ni ngapi?"

"Kaka, gari zuri la aina hii ni 21. Ukitoa haya, mimi nafika 17 na nusu."

"Hapana. Hapo unanimaliza. Nipe 22."

"Ningekuwa nanunua STI ningekupa. Hii wewe na mimi tumeiona pamoja."

"Kweli tumeiona." Akashika karatasi tena. "Tairi mbili ni mpya. Umeniandikia nne."

Alikuwa na haki. Tairi mbili mpya ni mali, zingeweza kubaki tukitafuta pacha zake mbili za chapa ileile. Nikachukua kalamu nikakata laki sita palepale. Nadhani hilo ndilo lililobadilisha hewa ya mazungumzo, maana aliona karatasi inaweza kusahihishwa na upande wake pia. Akashuka 20. Nikapanda 18.

Tulikaa hapo. Mke wake akaleta chai na karanga. Hatukuongea bei kwa muda.

Kisha nikamwambia, "Kaka, hela yangu yote ipo benki, si ya mafungu. Siku jina likibadilika TRA, siku hiyohiyo unaipata yote. Mwisho wa mwezi fundi wako anapanda juu."

Akaniuliza, "Mafungu hakuna?"

"Hakuna."

Wateja wawili kabla yangu walimfikia 24 na 23, lakini kwa mafungu ya miezi sita. Bati haliezekwi kwa mafungu. Akasema 18 na nusu, na faini za polisi atalipa yeye. Tukashikana mikono. Mzee, nilikukumbuka.

Fundi wa Kizota

Hongera mkuu. Bei ya haki kwa wote wawili. Hata mimi ningelichukua hapo.

Mpangaji wa Nkuhungu

Na yule wa Tanga?

Mwenye uzi: MREJESHO WA TATU

Imechukua siku kumi na moja. Tulikwenda kwa wakili tukaandika mkataba: natoa 2m ya kianzio, kaka anamleta mwenye jina ndani ya siku 14, na akishindwa hela inarudi yote. Hiyo 2m ndiyo iliyogharimia nauli ya mmiliki wa kwanza. Alishuka Dar, akapanda treni ya SGR mpaka hapa, tukakaa meza moja watu watatu. Mkataba mmoja unaonyesha alimuuzia kaka, mwingine unaonyesha kaka kaniuzia, na yeye mwenyewe akathibitisha uhamisho kwenye mfumo kwa TIN yake. Ada ya uhamisho na ushuru wa stempu nimelipa mimi, tulivyokubaliana. Jina langu lilipotokea nikahamisha 16.5m nikiwa nimekaa palepale. Dalali alipewa chake na kaka.

Kadi ina jina langu. Bima ndogo nilikata kabla halijatoka getini, 118,000. Nikishamaliza matengenezo nitaipandisha iwe kubwa.

Dada wa Altezza, Kikuyu

Kaka hongera sana. Mimi nauliza moja tu: rejeta mliifungua?

Mwenye uzi

Dada, tuliikata katikati kwa msumeno ili tuone. Zaidi ya nusu ya vijibomba vilikuwa vimeziba, vimejaa kitu kigumu cheupe. Unapiga kwa bisibisi kinalia kama jiwe. Gari lile lingefika Nyang'oro lingebaki hukohuko. Tumeweka rejeta mpya, tumesafisha njia za maji za injini mara tatu mpaka maji yakatoka meupe, tumejaza kulanti iliyochanganywa na maji ya betri (yale yasiyo na chumvi, si asidi). Kwenye mfuniko nimebandika karatasi kwamba maji ya bomba ni marufuku, kwa ajili ya vijana wa kuosha magari. Klachi mpya ipo, belti ipo, tairi zote nne ni mapacha. Nembo za STI za mbele na nyuma nimezibandua. Za kwenye viti zimeshonwa, zitabaki.

Jumamosi nilimchukua baba mdogo, tukaenda Mtera kula samaki. Gereji alishaifunga, magoti yanamsumbua, lakini alikaa kiti cha mbele amenyooka, macho kwenye sindano ya joto safari nzima. AC ilikuwa imewashwa, jua la saa saba. Tulipofika Fufu akaniambia simama. Akashuka mwenyewe, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya mpira wa maji wa rejeta akaubonyeza, kama alivyokuwa akifanya kwenye Land Rover za watu.

"Imekaa," akasema. Akafunga boneti, akanyoosha mkono nimpe funguo.